Kilichomwasha mwanao Dunga si konyeza

"Daktari, naishi Nyalenda hapa Kisumu. Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, mwanangu wa miaka 11 alienda na binamu zake ufuoni karibu na Dunga. Waliogelea tangu kama saa tano hadi saa nane mchana. Jioni akaanza kujikuna miguu na tumbo, na kesho yake asubuhi alikuwa na vipele vidogo vyekundu. Nilimpaka losheni, vikaisha baada ya siku nne hivi. Binamu yake mkubwa anasema waliona majini vitu vya mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, vinaonekana kama kioo, vinajifunga na kujifungua kama mwavuli. Anasema hao ni jelifishi na ndio waliomchoma. Mimi nilijua jelifishi ni wa baharini tu, tena kwenye maji ya chumvi. Sasa shule yao inapanga safari ya Mombasa muhula ujao na nimemwambia hatatia hata kidole majini. Mjomba wake ananicheka, anasema mtoto akichomwa ni kukojolea tu pale pachungu na maneno yanaisha. Je, kweli ziwa letu lina jelifishi? Ndio waliomdhuru? Na nimruhusu aingie baharini au la?"

Dada yangu, pole kwa mtoto. Na uniwie radhi kwa jambo moja kabla hatujaenda mbali: udaktari wangu ni wa viumbe vya majini, si wa binadamu. Habari za wanyama nitakueleza bila kusita. Habari za mwili wa kijana nitakueleza hadi pale ninapojua, kisha nitakuelekeza kwa wenye kazi yao.

Kwa mkato majibu ni haya. Ndiyo, ziwa letu lina jelifishi wake. La, si hao waliomwasha mwanao. Na ndiyo, mwache aingie baharini, kwa masharti machache nitakayoyataja. Lakini kuna swali la nne ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niitoe barua yako chini ya rundo na kuijibu kwanza: mtoto huyu anahitaji kupimwa kichocho. Nitafika huko.

Tuanze na jina, maana jina hili la Kiingereza limepotosha watu wengi. Mnyama huyu si samaki. Hana mfupa, hana matamvua ya kupumulia, hana magamba, hana damu, hana moyo wala ubongo. Watu wa Pwani, ambao wameishi naye tangu enzi za mababu, humwita konyeza, wengine yavuyavu, na wengine kiwavi, kwa sababu anawasha kama yule kiwavi wa mtini. Mimi nitatumia konyeza. Ndugu zake wa karibu si samaki bali matumbawe, yale yanayojenga miamba ya baharini. Ukoo wao ni wa kale mno. Konyeza walikuwa wakielea baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla mnyama yeyote hajatembea nchi kavu.

Mwili wake ni rahisi kiasi cha kushangaza. Chukua tabaka mbili nyembamba za ngozi, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati yake jaza ute mzito kama uji uliopoa ukagandamana. Huyo ndiye konyeza. Sehemu kubwa ya mwili wake, karibu asilimia 95, ni maji, ndiyo maana akitupwa mchangani juani anakauka na kubaki kama karatasi. Tundu lake ni moja tu, chini ya mwavuli: chakula huingia hapo na mabaki hutokea hapohapo. Hewa haivuti kwa kiungo chochote, inapenya tu kwenye ngozi. Badala ya ubongo ana wavu wa mishipa ya fahamu uliotandazwa mwili mzima. Unamtosha: anajua juu na chini, wengi wao wanajua mwanga na giza, na anajua kitu kikigusa minyiri yake, yaani zile nyuzi zinazoning'inia.

Kwenye minyiri ndiko kuna balaa, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ukielewa kifaa hiki utajijibu mwenyewe maswali mengi, pamoja na hilo la mkojo.

Ngozi ya mnyiri imejaa seli ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli mna kifuko, na ndani ya kifuko mna uzi mrefu mtupu kama mrija, umekunjwa na kuviringwa kama kamba ya ndoo iliyorudishwa ndani ya ndoo yenyewe. Kifuko kimejaa maji kwa shinikizo kubwa ajabu, karibu mara 150 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Tairi la gari dogo linajazwa kwa takriban mara mbili tu. Kwenye mdomo wa seli kuna unywele mdogo. Kitu kikiugusa, au harufu fulani ya kemikali ikiufikia, kifuniko kinafyatuka, uzi unageuka ndani-nje kama soksi na kuchoma kilicho mbele yake, ukimwaga sumu. Kufyatuka hadi kupenya huchukua muda ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ni miongoni mwa miendo ya kasi zaidi inayojulikana kwa kiumbe hai.

Sasa angalia: hakuna mahali nilipotaja nia. Konyeza haamui kukuchoma. Kila seli inajifyatukia yenyewe, kama mtego wa panya. Ndiyo maana konyeza aliyekufa, aliyetupwa ufuoni tangu asubuhi, bado anachoma mtoto anayemwokota. Ndiyo maana pia kipande cha mnyiri kilichokatika na kubaki kwenye ngozi yako kina mitego mingi ambayo bado haijafyatuka, na unachokimwagia kinaweza kuifyatua yote kwa mpigo. Liweke hilo akilini. Tutalirudia tukifika Mombasa.

Binamu mkubwa ana macho mazuri na anastahili kusifiwa. Maelezo yake ya kiwiliwili cha mviringo, kama kioo, ukubwa wa shilingi kumi, kinachojifunga na kujifungua, yanamlingana konyeza wa maziwa ya Afrika ambaye wanasayansi humwita Limnocnida. Huwa na upana wa sentimita 2 hivi, bapa kuliko jamaa zake wa baharini, na pembeni ana minyiri mifupi mingi. Neno lililonishawishi ni "vinajifunga na kujifungua". Ziwani kuna vitu vingi vya ute: mayai ya konokono yaliyogandana kwenye majani, mayai ya vyura, mayai ya wale wadudu wanaopaa juu ya ziwa kama moshi, na makundi ya vijidudu vinavyoota kama donge la jeli kwenye nguzo na kamba za boti. Vyote hivyo vimetulia. Kinachopiga mwavuli ni konyeza.

Wengi humu Kisumu hawajawahi kumwona, hata wavuvi wa miaka mingi, na sababu iko katika maisha yake. Konyeza unayemwona akielea ni nusu moja tu ya maisha hayo. Nusu nyingine ni kijimti kidogo kinachoitwa polipi, kama milimita 1 urefu, kilichojishikiza kwenye jiwe, mti uliozama au jani la gugu. Polipi anaweza kukaa hivyo kwa miezi au miaka akila vijidudu na kujizidisha kwa kuchipua, bila mtu kujua. Halafu hali ikimkalia vyema, joto likipanda na chakula kikizidi, polipi huchipua vikonyeza vidogo ambavyo hujitenga na kuogelea. Ghafla wiki moja pana mamia, wiki nyingine hakuna hata mmoja. Nimewahi kusimama kwenye boti asubuhi nikawaona kama vifungo vya shati vimemwagwa majini, nikarudi siku kumi baadaye na chombo kizuri zaidi cha kupigia picha, nikaambulia picha za gugumaji.

Lakini wewe uliuliza kuhusu chumvi, na hilo ni swali zito kuliko unavyodhani. Ukimtwaa konyeza wa baharini ukamtia kwenye karai la maji ya bomba, atavimba na kufa, kwa sababu maji matamu hukimbilia upande wenye chumvi, yaani ndani ya mwili wake, naye hana njia ya kuyatoa. Konyeza wa ziwani amevuka kikwazo hicho: seli zake zimejifunza kubana chumvi kidogo zilizo nayo na kusukuma maji ya ziada nje, saa zote, usiku na mchana. Katika maelfu ya aina za ukoo huu, walioweza ni wachache sana. Wengine wote wamebaki baharini.

Wazungu walipomkuta mara ya kwanza walichanganyikiwa. Mjerumani Richard Böhm alimwona Ziwa Tanganyika mwaka 1883. Mwishoni mwa karne hiyo Mwingereza J. E. S. Moore alikwenda kulichunguza ziwa hilo, akamwona huyu konyeza na konokono wenye magamba yanayofanana na ya baharini, akashikilia kwamba Tanganyika lilikuwa mkono wa bahari uliokatwa na kusahauliwa barani, na hawa ndio mabaki ya bahari hiyo. Ni hadithi tamu, nami ningependa iwe kweli. Kilichoiangusha, pamoja na ushahidi wa miamba, ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 konyeza wa jamii hiyohiyo walipatikana katika Mto Niger, na pia katika ziwa letu hili. Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria letu hili, halijawahi kuwa bahari. Tena ni ziwa changa na la kina kifupi, mita 80 hivi pale penye kina zaidi, na takriban miaka 15,000 iliyopita lilikauka likawa mbuga. Kwa hiyo konyeza uliyesimuliwa alihamia hapa baada ya mvua kurudi, pengine kama polipi aliyenata kwenye mmea au mguu wa ndege. Ni mhamiaji kama sisi wengine wa Kisumu.

Ana binamu kutoka Uchina, kutoka bonde la Mto Yangtze, ambaye ameizunguka dunia kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1880 aliibuka London ndani ya tangi la mayungiyungi kwenye bustani ya Regent's Park, na leo yupo katika kila bara isipokuwa Antaktika. Mara nyingi bwawa zima huwa na madume watupu au majike watupu, kwa sababu wote wamechipuka kutoka polipi mmoja aliyepandia mmea. Hilo ni la pembeni, lakini hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Je, anachoma? Vifuko vya mchomo anavyo, na anavitumia kuwakamata vijidudu vya majini, vilevile vinavyoliwa na omena. Ila nyuzi zake ni fupi na dhaifu mno kwa ngozi ya binadamu, hazipenyi. Mtoto anaweza kumchota kwenye kiganja asihisi kitu.

Hata kama ningekuwa nimekosea kumtambua mnyama, saa za mwasho zinamtoa hatiani. Mchomo wa konyeza huuma palepale, sekunde ileile, na huacha alama za mistari kama ya kuchapwa kwa kamba nyembamba, pale tu mnyiri ulipogusa. Mwanao hakulia majini. Aliogelea hadi saa nane, akaja kujikuna jioni, na kilichotokea ni vipele vidogo vilivyotawanyika miguuni na tumboni, kila mahali maji yalipofika. Hiyo ni sura nyingine kabisa.

Sura hiyo mara nyingi ni ya viluwiluwi vya minyoo inayotoka kwenye konokono. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kandokando ya ziwa hubeba vimelea, na vimelea hivyo hutoka majini kwa wingi wakati jua limepanda, kuanzia saa nne tano hivi hadi saa nane tisa. Linganisha na saa ulizoniandikia. Vikikuta ngozi hupenya kwa dakika chache, bila uchungu wowote. Vingine ni vya ndege: vikiingia kwa mtu kimakosa hufia ngozini, navyo huacha vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa, kisha mambo yanaisha. Vingine ni vya binadamu, nasi tunaviita kichocho. Hivi haviishii ngozini. Huingia kwenye damu, hupita mapafuni na kwenye ini, hukomaa kuwa minyoo na kuishi kwenye mishipa ya damu ya matumbo kwa miaka, ikitaga mayai kila siku.

Sijaviona vipele vya mtoto, na vilikwisha. Yawezekana vilikuwa vya minyoo ya ndege. Yawezekana ni ule ukoga wa kijani unaotanda kwenye Ghuba la Winam, nao pia huwasha ngozi. Kwa kuvitazama vipele peke yake hakuna awezaye kukuhakikishia. Kuna jambo baya zaidi pia: wengi wanaoambukizwa kichocho, hasa watoto waliokulia kando ya ziwa, hawapati kipele hata kimoja. Kwa hiyo usiwaulize binamu zake kama waliwashwa. Wote walioingia majini siku hiyo wako kundi moja.

Minyoo huhitaji wiki kadhaa kukomaa na kuanza kutaga, na kipimo cha choo hutafuta mayai. Ukimpima mapema mno, majibu yatasema hana, nawe utarudi nyumbani na faraja ya bure. Subiri zitimie wiki nane tangu ile Jumamosi, kisha mpeleke kituo cha afya. Hapa kwetu ugonjwa huu wanaujua vizuri sana, hutahitaji kueleza mengi. Waambie wazi tarehe aliyoogelea na mahali. Kichocho cha ukanda wa ziwa ni cha matumbo, hivyo wapime choo, usiridhike na swali la "anakojoa damu?", maana hiyo ni dalili ya kichocho cha aina nyingine, kile cha kibofu kinachosumbua sana Pwani. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtoto na kwa kawaida humezwa siku moja tu. Inaua minyoo mikubwa lakini haiwezi ile michanga, sababu nyingine ya kutoharakisha. Uliza pia shuleni kama amekuwa akipewa dawa hii pamoja na ya minyoo mingine, kisha umweleze mhudumu.

Usingoje hizo wiki nane iwapo sasa hivi ana homa isiyoeleweka, kikohozi, kuhara, maumivu ya tumbo au amechoka kupita kawaida yake. Wiki chache baada ya kuambukizwa mwili wa wengine hupigana na minyoo hiyo kwa namna inayofanana na malaria. Mpeleke leo, na utaje ziwa hata kama wanapima malaria kwanza.

Tena, dada, kujifuta haraka kwa taulo hakutoshi, ingawa watu wanaliamini sana hilo. Maji ya ziwa yaliyochotwa na kukaa kwenye pipa lisilo na konokono siku mbili huwa salama kuoga kwa upande wa kichocho, kwa sababu viluwiluwi vyenyewe hufa. Kwa kunywa bado yachemshwe. Wala sikutajii kiboko na mamba. Hao mwanao anawaogopa tayari.

Twende Mombasa. Hofu yako ya bahari si ya kijinga, ila imekuzwa na video. Konyeza wale wanaoua watu, wa umbo la sanduku, wenye minyiri ya mita kadhaa na macho 24, makao ya wale wabaya zaidi ni kaskazini mwa Australia na Asia ya Kusini-Mashariki. Yule mwenye mwavuli wa zaidi ya mita 2 na minyiri inayokaribia mita 37, aliyepimwa Marekani mwaka 1865, ni wa bahari za baridi. Yule anayesemwa kuwa hafi, ambaye akijeruhiwa au akizeeka hurudi kuwa polipi na kuanza upya, ana upana wa milimita chache tu, hamsumbui mtu. Yupo pia mmoja wa Pasifiki aitwaye Aequorea victoria, na licha ya jina lake hahusiani na ziwa letu. Protini yake inayong'aa kijani iliwapa wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008, na leo hutumika maabara kote duniani kufuatilia seli za saratani. Nakutajia hao ili ujue kwamba jina konyeza limefunika wanyama wengi wasiofanana, kama neno "ndege" linavyofunika shomoro na mbuni.

Kwenye pwani yetu utakaowakuta zaidi ni wale wanaowasha bila kuua. Kwenye maji tulivu ya kina kifupi, karibu na mikoko na nyasi za baharini, yupo mmoja anayelala chali mchangani, minyiri juu, kwa sababu amefuga mwani ndani ya mwili wake na mwani unataka jua. Ukitembea karibu naye anaachia ute unaowasha hata bila kumgusa. Ninayemheshimu zaidi ni yule mwenye puto la buluu au zambarau, linaloelea juu ya maji kama mfuko uliojaa hewa. Kwa kweli si konyeza mmoja bali ni kundi zima la vijinyama vilivyoungana, kila kimoja na kazi yake: kimoja ni puto, vingine tumbo, vingine minyiri. Minyiri hiyo ni myembamba kama uzi na inaweza kuburuta mita 10 au zaidi nyuma ya puto. Hajui kuogelea, anakwenda na upepo, ndiyo maana upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini siku mbili tatu unawakuta wamejaa ufuoni.

Huyo alinishika mimi nikiwa mwanafunzi wa chuo, paja la kushoto, nikiwa najifanya nawafundisha wenzangu. Rafiki yangu, kwa mapenzi yote, alinisugua kwa mchanga, kisha akanimwagia chupa nzima ya maji ya kunywa. Nilipiga kelele hadi mzee mmoja mvuvi akaja kumfukuza. Sasa unaelewa kwa nini: mchanga uliiponda ile mitego iliyobaki, na maji matamu yakaifyatua. Mkojo uko kapu hilohilo. Siku nyingine umekaribia kuwa maji matupu, siku nyingine una chumvi, huwezi kujua; hautibu, unaweza kuongeza, na unamdhalilisha mtoto mbele ya darasa. Mwambie mjomba nimemsalimu.

Mwalimu anayeongoza safari afanye hivi. Amtoe mtoto majini kwanza, maana hatari kubwa ni kushtuka na kuzama. Asisugue. Asuuze kwa maji ya bahari yaleyale, aondoe nyuzi zilizonata kwa kibano au kwa mkono uliovaa glavu, au mfuko wa kitambaa ukikosa glavu. Kisha pale palipochomwa pakae kwenye maji ya moto kwa dakika 20 au zaidi, joto la kama digrii 40 hadi 45, ambalo mtu mzima ajaribu kwa mkono wake mwenyewe kabla ya mtoto ili asimuunguze. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Siki nayo ina nafasi yake, hasa kwa konyeza wa umbo la sanduku, kwa sababu huzuia vifuko visifyatuke. Kwa yule wa puto la buluu wataalamu wamebishana, na miongozo mingine inaikataa. Mimi ningebeba chupa ya maji ya moto kabla ya siki. Dawa ya kawaida ya maumivu inafaa baadaye.

Asisubiri kuona kama itapita ikiwa mtoto anapumua kwa shida, uso au midomo inavimba, anatapika, kifua kinamuuma, analegea, amechomwa machoni au mdomoni, au alama zimetanda eneo kubwa la mwili. Hapo ni hospitali moja kwa moja. Na kama mwanao ana pumu au aliwahi kuvimba sana kwa kuumwa na nyuki, mwalimu ajue kabla basi halijaondoka Kisumu.

Masharti niliyoyaahidi ni mepesi. Kabla ya kuingia majini waulize wavuvi au vijana wa ufuoni: leo kuna konyeza? Watajibu kwa kutazama upepo tu. Wakiona maputo ya buluu mchangani, siku hiyo wacheze mpira. Avae fulana na kaptura ndefu, minyiri haipiti nguo kirahisi. Na asiokote chochote kinachong'aa mchangani, kiwe hai au kimekufa. Hayo yakizingatiwa, mwache aogelee. Ukipima hatari ya saa tatu za bahari siku hiyo dhidi ya saa tatu alizokaa Dunga adhuhuri, mimi ningehofia zaidi Dunga.

Nina ombi kwa binamu mkubwa. Akiwaona tena asiingie majini kuwafuata. Awe kwenye boti, na mtu mzima, na jaketi la kuokolea. Achote na maji yake kwa kikombe, polepole, atie kwenye chupa safi yenye mdomo mpana, aifunike kwa kitambaa chenye maji ili isipate joto, aandike tarehe, saa na mahali. Awapelekee watu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi hapa Kisumu siku hiyohiyo, kwa sababu konyeza hawa hawalali chupani. Kesho yake utamkuta ameyeyuka, chupa imebaki na maji tu.